Juu ya wingu, GPS ikizima: mbadala usiokufa kwa ugonjwa uleule

Muulize rubani wa ndege ndogo anayeruka juu ya wingu ana njia ngapi za kujua alipo. Atahesabu: GPS ya kwenye dashibodi, kishikwambi gotini, simu mfukoni, na pengine saa ya mkononi. Nne. Lakini zote nne zinasikiliza setilaiti zilezile, zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, kwa mawimbi dhaifu sana yanayoweza kuzimwa na mtambo mdogo ulio chini. Ugonjwa ukiwa betri, rubani huyu anavyo vinne kweli. Ugonjwa ukiwa mawimbi, anacho kimoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa cha tano, jiulize kila ulichonacho kinakufa kwa nini. Kishikwambi kinakufa kwa joto: vingi vimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 za Selsiasi, na juu ya wingu jua linakipiga moja kwa moja huku wingu nalo likilirudisha kutoka chini. Kinakufa kwa betri, na kwa ramani ambayo hukuipakua ukiwa bado na intaneti. Vishikwambi vingi vya Wi-Fi pekee havina hata kipokezi cha GPS, na ubaya ni kwamba nyumbani vinaonyesha mahali vizuri tu kwa kutumia Wi-Fi ya jirani. GPS ya dashibodi inakufa umeme wa ndege ukikatika. VOR, yaani kipokezi cha mawimbi ya minara ya redio ya ardhini, inakufa kwa umeme huohuo, lakini haina habari na setilaiti. Dira ya sumaku haihitaji umeme wala setilaiti. Adui yake ni chuma na sumaku. Saa na penseli zina adui mmoja, naye ni rubani asiyeandika.

Mpangilio wa maana, kwa maoni yangu, ni kuwa na angalau kimoja kinachotegemea setilaiti, kimoja kinachotegemea vituo vya ardhini, na kimoja kisichotegemea ishara yoyote kutoka nje ya ndege. Hicho cha tatu ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu hakiwezi kuwashwa baada ya matatizo kuanza. Hesabu ya dira na saa huendelezwa kutoka mahali unapopajua. Kama hukuandika lini ulikuwa wapi, huna pa kuanzia.

Kabla ardhi haijafunikwa

Usipande juu ya wingu bila alama mbili za uhakika ardhini: makutano ya reli na mto, ukuta wa bwawa, ncha ya ziwa. Si kijiji, vijiji hufanana. Iandike dakika uliyopita juu ya kila moja. Hapo tayari una kasi yako halisi juu ya ardhi, na una kipimo cha upepo.

Tuseme alama ya pili iko maili 20 za baharini kutoka ya kwanza, na umeipita ukiwa maili 2 kulia kwa mstari wako. Digrii moja ya kosa kwa maili 60 ni maili moja nje ya njia. Basi 2 gawa kwa 20, zidisha kwa 60, unapata 6. Uko digrii 6 nje ya ulichopanga. Ukigeuka kushoto digrii 6 utaenda sambamba na mstari wako, ukiwa bado maili 2 pembeni. Ikiwa unataka kufika mahali palipo maili 40 mbele, ongeza 2 gawa kwa 40 zidisha kwa 60, yaani 3. Geuka kushoto jumla ya digrii 9. Hesabu hii haihitaji kikokotoo na inatosha hadi digrii 20 hivi.

Upepo wa futi 2,000 lakini si upepo wa futi 7,000. Kwa kawaida ukipanda unaongezeka nguvu na kugeuza upande, kwenda kulia kaskazini mwa ikweta na kushoto kusini mwake. Ndiyo maana GPS ikiwa bado hai unapaswa kuitumia kumlisha mrithi wake: kila dakika 10 au 15 andika saa, uelekeo wa ndege, njia halisi juu ya ardhi, kasi juu ya ardhi, mahali na mafuta. Tofauti kati ya uelekeo na njia ni upepo wa pembeni uliopimwa pale ulipo, si wa utabiri. GPS ikizima dakika ya 40, unaendelea na namba za dakika ya 35. Mstari mmoja wa penseli.

Dira, saa na upepo

Kama namba hizo huna, tumia za utabiri. Kwanza pata ukomo wa mchepuko: kasi ya upepo zidisha kwa 60, gawa kwa kasi yako halisi hewani. Upepo wa noti 20 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) kwa ndege ya noti 100 unaweza kukuchepusha digrii 12 kwa kiwango cha juu kabisa. Halafu angalia upepo unakata njia yako kwa pembe gani, na ifikirie pembe hiyo kama dakika kwenye uso wa saa: digrii 15 ni robo ya ukomo, 30 ni nusu, 45 ni robo tatu, 60 na kuendelea ni wote. Njia 060 na upepo unaotoka 090 vinaachana kwa 30, kwa hiyo nusu ya 12, yaani 6. Elekeza ndege 066. Upepo huo unakurudisha nyuma noti 17 hivi, kwa hiyo unasafiri kwa noti 82 juu ya ardhi. Kwa dakika 25 umekwenda maili 34.

Makosa mawili huharibu hesabu hii nzuri. La kwanza: upepo wa utabiri hutolewa kwa kaskazini ya kweli, wakati uelekeo wa dira ni wa kaskazini ya sumaku. Palipo na tofauti ya digrii 12 kati ya kaskazini hizo mbili, ukisahau kubadilisha umeshajichagulia kosa kubwa kuliko mchepuko wenyewe. La pili: kasi inayoonekana kwenye kipimo si kasi halisi hewani. Ongeza karibu asilimia 2 kwa kila futi 1,000 za kimo. Noti 90 kwenye kipimo kwa futi 8,000 ni kama noti 104.

Kisha jairo ya uelekeo, kipimo chenye gurudumu linalozunguka kwa kasi na kukuonyesha ndege imeelekea wapi. Inatembea yenyewe kwa sababu ya msuguano na kwa sababu dunia inazunguka chini yake: karibu na ikweta mchango wa dunia ni kidogo mno, kwenye latitudo 50 ni zaidi ya digrii 11 kwa saa. Irekebishe kwa dira kila dakika 10 hadi 15, ndege ikiwa imenyooka, kimo kikiwa hakibadiliki na kasi ikiwa imetulia. Ukirekebisha huku unaongeza kasi kuelekea mashariki au magharibi, umenakili kosa la dira ndani ya jairo na utaruka nalo robo saa nzima ukiwa na amani moyoni. Na kama jairo yako inaendeshwa na pampu ya hewa, angalia kipimo cha pampu kila unaporekebisha. Pampu mara nyingi haifi ghafla. Jairo hupungua kasi, ikaanza kuegemea polepole, na rubani akaifuata.

Dira yenyewe ina kadi ya makosa karibu yake, isome. Lakini kadi hiyo haijui kwamba umeweka hapo simu yenye mfuko wa sumaku. Fanya jaribio ukiwa chini, injini ikiwa imezimwa: sogeza kishikwambi, kifuniko chake na spika za hedifoni karibu na dira kimoja kimoja uone sindano inavyoruka. Vifuniko vya kishikwambi vina sumaku za kujibandika, navyo ndivyo vinavyosahaulika.

Juu ya wingu una msaada mmoja ambao walio chini yake hawana: jua. Kivuli cha ndege kwenye wingu, mara nyingi kikizungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua, kiko daima mkabala na jua. Jua likiwa chini kiasi, upande lilipo hubadilika digrii mbili tatu tu kwa dakika 10. Jairo ikisema umenyooka wakati kivuli kimehama kutoka mbele ya bawa hadi nyuma yake, mwongo ni jairo. Jua likikaribia utosini achana na jambo hili.

Usiamini hesabu ya dira na saa kama nukta. Ni duara. Kanuni ya wazee ni asilimia 10 ya umbali uliokwenda tangu mahali pa mwisho pa uhakika: baada ya maili 34, duara la maili 3 na nusu, baada ya maili 80, duara la maili 8. Kimo salama kipimwe kwa duara hilo. Wengi hutafuta kilele kirefu ndani ya maili 5 za mstari wao na kuongeza futi 1,000, au 2,000 milimani. Duara likiwa na maili 8, tafuta kilele ndani ya maili 13.

VOR, yenye masharti

Mnara wa VOR unatuma miale 360 kuanzia kaskazini ya sumaku, na kipokezi chako kinakuambia uko kwenye mwale upi. Ubora wake ni kwamba haujali ndege imeelekea wapi: jairo yako ikiwa imepotoka digrii 20, mwale unabaki kuwa sahihi. Masafa yake ni kati ya 108.00 na 117.95 MHz, na hufika kadiri macho yangefika. Zidisha kipeuo cha pili cha kimo chako kwa futi na 1.23: kwa futi 3,000 ni maili 67, kwa futi 8,100 ni maili 111. Milima hupunguza.

Utaratibu ni huu. Weka masafa. Sikiliza herufi za Morse hadi uhakikishe ni zenyewe. Kituo kilicho kwenye matengenezo kinaweza kurusha mawimbi bila herufi, na sindano ikacheza kwa uzuri wote. Hakikisha bendera ya onyo imeondoka. Zungusha kitufe hadi sindano ikae katikati na dirisha lionyeshe FROM (kutoka), ndipo usome. Ukisoma kwenye TO (kwenda) utachora mstari upande wa pili wa mnara. Chora kutoka kwenye mduara wa dira uliochapwa juu ya kituo hicho kwenye ramani, kwa sababu huo tayari unafuata kaskazini ya sumaku.

Mwale mmoja ni mstari tu. Wa pili kutoka mnara mwingine unakupa mahali, na pembe kati yao ikikaribia 90 ndivyo panavyokuwa pa kuaminika; pembe ikishuka hadi 30, kosa linakuwa maradufu. Anza na mnara ulio mbele au nyuma yako, umalizie na ulio ubavuni, kisha uandike dakika ya usomaji wa pili. Mwale wa ubavuni hubadilika haraka, wa mbele haubadiliki sana, na kwa noti 100 unakwenda maili 1.7 kila dakika unayohangaika na vitufe. Kipokezi chenye kosa la digrii 4 kwa umbali wa maili 40 kinakupotosha maili 2.7, kwa hiyo usishangae mistari isipokutana pale ulipotarajia.

Ukiwa na mnara mmoja tu, na uko ubavuni, bado unaweza kupata umbali. Subiri mwale ubadilike digrii 10 na uhesabu sekunde. Sekunde gawa kwa digrii ni dakika za kufika kwenye mnara: sekunde 120 kwa digrii 10 ni dakika 12, maili 20 kwa noti 100. Upepo mkali unaiharibu hesabu hii, lakini inatosha kukuambia kama uko maili 15 au 50. Mwenye DME, kifaa cha redio kinachopima umbali hadi kituo, hahitaji haya. Akumbuke tu kwamba kinapima mstari wa mshazari, na juu kabisa ya kituo kwa futi 6,000 kitasoma maili 1.

ADF, kifaa ambacho sindano yake huelekea kituo cha redio, naitaja kwa uangalifu. Palipo na vituo vya NDB, yaani minara ya redio inayotumiwa na ADF, inafaa, lakini sindano yake inapotoshwa na radi, milima, pwani na machweo, na ndege ikilala kwenye kona inadanganya zaidi. Pia haina bendera: kituo kikizimika, sindano hubaki ilipokuwa kana kwamba hakuna lililotokea, kwa hiyo acha herufi za Morse zisikike kwa sauti ya chini muda wote. Tena ADF hurithi kosa la jairo. Sindano ikisema kituo kiko digrii 40 kulia kwa pua na jairo ikisema 066, unapata 106. Jairo ikiwa imepotoka 10, na 106 yako imepotoka 10. Hapo hukuongeza mbadala.

Redio

Mbadala ninaoupa nafasi ya juu kuliko marubani wengi wanavyoupa ni sauti ya mtu mwingine. Rada ya ardhini inayouliza transponda yako (kifaa cha ndege kinachoijibu rada) inapima mahali ulipo bila kutegemea GPS yako. Angalia lakini: matangazo ya ADS-B, ambayo ndege hujirushia yenyewe kwa redio, yanabeba mahali palipotoka kwenye GPS yako mwenyewe, kwa hiyo ikidanganywa, nayo yanarudia uongo. Pasipo na rada, viwanja vingine vina kifaa cha kupima uelekeo wa sauti yako. Omba kinachoitwa QDM, endelea kuongea sekunde kadhaa, na utapewa uelekeo wa sumaku wa kwenda kwao bila kuhesabu upepo. Jibu huja na daraja: A ni ndani ya digrii 2, B digrii 5, C digrii 10. Omba tena kila dakika chache. QDM zikiongezeka upepo unakusukuma kushoto, zikipungua unakusukuma kulia.

Sema mapema na useme kamili: jina la mwito, aina ya ndege, kimo, uelekeo, mahali pa mwisho pa uhakika na dakika yake, mafuta kwa saa na dakika, watu waliomo, na kwamba uko juu ya wingu na hujafuzu kuruka kwa vyombo. Hilo la mwisho ndilo wanaloona aibu kulitamka, na ndilo linalobadilisha maelekezo utakayopewa. Ukikosa masafa mengine, tumia 121.5 MHz, masafa ya dharura; hali ikiwa mbaya, weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda.

Kwa umeme kukatika, redio ya mkononi ina thamani kuliko kishikwambi cha pili. Ila antena yake fupi ndani ya bodi la bati husikika maili chache tu. Fundi akuwekee waya wa kuiunganisha na antena ya nje, na ujaribu kuunganisha kwa mkono mmoja ukiwa chini. Altaneta, mashine inayozalisha umeme wa ndege, ikifa, zima kila usichohitaji mara moja na usitegemee betri zaidi ya nusu saa.

GPS inapodanganya badala ya kunyamaza

Kunyamaza si kubaya sana, unajua imenyamaza. Mbaya ni ile inayoonyesha mahali pasipo pako kwa uhakika kamili. Dalili: saa yake inaruka kutoka saa yako ya mkononi, kasi juu ya ardhi hailingani na kasi ya hewani kwa upepo wowote unaoaminika, kimo chake kinaachana na altimita (kipimo cha kimo) kwa maelfu ya futi, onyo la milima linalia juu ya tambarare. Na ikirudi, usiikumbatie. Ilinganishe na mwale mmoja wa VOR au na rada kwanza.

Kabla ya kushuku mtu wa chini, jichunguze. Kuna ndege ambazo GPS hupotea kila rubani anapobonyeza kitufe cha kuongea kwenye masafa karibu na 121.150 hadi 121.200 au 131.250 hadi 131.300. Zidisha 131.285 kwa 12 unapata 1575.42 MHz, masafa ya GPS yenyewe, 121.186 kwa 13 vilevile. Mwangwi wa redio yako, yaani mawimbi ya ziada yenye masafa mara 12 au 13 ya yale unayoongelea, unakizima kipokezi chako, na dawa yake ni kazi ya fundi kwenye antena na nyaya. Chaja za bei rahisi za tundu la sigara nazo hufanya kelele kwenye redio: ikianza kukoroma, ing'oe chaja kwanza.

Kurudi chini

Kujua ulipo ni nusu ya kazi ikiwa wingu limeziba. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwaingiza marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo katika hali ya wingu la kuigiza. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Kwa hiyo mpango wa kushuka ni mpango wa kutafuta mahali wingu lisipokuwepo, na hufanywa ukiwa bado na mafuta ya kurudi ulikotoka. Andika kwenye karatasi dakika ya mwisho ya kugeuka nyuma, uihesabu kwa kasi ya kurudi: upepo uliokusukuma kwenda sasa utakuwa usoni.

Tundu dogo la wingu ni mtego. Ukilishukia kwa kuzunguka, mduara wako ni mpana kuliko ulivyodhani, na tundu lenyewe linasafiri na upepo. Linafaa tu kama unaona ardhi ya kutosha kushuka kwa mstari, na unajua tumbo la wingu liko juu ya vilele vya eneo hilo. Pendelea bahari au tambarare. Na ukilenga mto au pwani kutoka kwenye hesabu ya dira na saa, usilenge mji wenyewe. Lenga makusudi upande mmoja, kwa umbali unaozidi duara lako la shaka. Ukilenga maili 10 kaskazini ya mji na kuikuta pwani, unajua ugeukie kusini. Ukilenga mji wenyewe na usiuone, hujui uko upande gani.

Mazoezi yafanyike siku ya anga safi, ukiwa na mwenzako wa kuangalia nje. Funika skrini zote kwa dakika 30, ruka kwa dira, saa na penseli, chora duara lako, kisha pata mahali kwa VOR mbili ndipo ufunue. Ukijikuta nje ya duara, kagua jairo na kadi ya dira kabla ya kuulaumu upepo.